Daftari la Shebwana

Kule, mgongoni mwa jezi, aliandikwa BROCKMANN.
Huku Kibokoni tulimwita Shebwana,
jina la babu mzaa mama, mtu mfupi
aliyepita chini ya ngazi bila kuinama.

Aliondoka na babake akiwa na miaka tisa.
Ukabaki mpira mmoja uliopasuka
na alama ya penseli ukutani, karibu na swichi,
pale tulipompimia urefu kila Idi.
Nyumba nimeipaka chokaa mara nne.
Hapo napazunguka.

Mimi ni karani wa mizigo Kilindini.
Nasoma namba kama wenzangu wasomavyo barua:
kontena, uzito, lakiri, tarehe.
Basi aliposajiliwa na timu ya daraja la pili
katika mji ambao jina lake lilinikwama kooni
kama mwiba wa changu,
nilinunua daftari la jalada gumu,
nikachora safu kwa rula ya ofisi:
pointi, ribaundi, pasi, faulo, dakika.

Mechi ya kwanza: dakika mbili.
Sufuri, sufuri, sufuri. Faulo moja.
Nikaiandika kwa hati nzuri,
maana hata meli tupu huandikiwa kuwa imetia nanga.

"Nduyo sasa tajiri," alisema Bi Thureya,
akanipandishia bei ya mahamri.
Sikumwambia kwamba tajiri yuwalala chumba kimoja
na Mlithuania akoromaye,
kwamba mkataba ni wa miezi kumi,
na ile miwili iliyobaki
hupakia magodoro kwenye malori.

Alihama. Au tuseme alihamishwa,
kama sanduku lililokosa karatasi:
Hagen, Chemnitz, nusu msimu Bremerhaven, Hagen tena.
Kila mji alinitumia jozi ya viatu vilivyochoka,
namba hamsini.
Nani hapa mtaani avaaye hamsini?
Kimoja nimeotesha mrehani.
Kingine paka amezalia mara mbili.

Kisha msimu wa kumi na mbili wino ukakolea.
Machi nzima hakuketi.
Ishirini na tatu. Kumi na tisa. Ishirini na saba!
Nilikesha na simu ikichaji ukutani,
asubuhi nikiandika pointi zake
kwenye stakabadhi za mchele wa watu.

Aprili, tarehe sita, robo ya nne,
namba zilisimama.
Nilidhani mtandao umekatika.
Ni goti lililokatika.

Alirudi uwanjani, naam,
baada ya visu vitatu vya daktari.
Dakika nne. Dakika tatu.
Hakucheza. Hakucheza. Hakucheza.
Miaka miwili, kwa hati ile ile nzuri.

Alikuja Juni, akainama mlangoni,
akaitafuta alama ya penseli;
ikamfika chini ya kifua.
Jioni, uwanjani Makande, vijana walimsihi
aruke aning'inie kwenye chuma.
Akacheka. Akaketi chini kabisa,
akamfunga kamba za viatu mtoto mmoja,
maana kupiga goti hawezi tena.

Usiku nilimpa daftari.
Alifunua polepole, kidole kikishuka
msimu baada ya msimu, hadi kikakwama.
"Na safu hii ya pembeni?"
Dakika za benchi, nikamwambia.
Elfu tisa, mia nne na kumi.
Nimejumlisha mara mbili.

"Hizi hakuna azihesabuye."

Kwetu bandarini, nikasema,
mzigo uliokaa ndio unaolipiwa kila siku.

Hakujibu. Alifungua ukurasa wa kwanza,
akaomba kalamu, akakata kitu kwa mstari mmoja.
"Faulo hii haikuwa yangu," alisema.
"Refa hakuona vizuri."